Mtihani wa Mwana, Mtihani wa Mzazi

Wapendwa wasikilizaji, ninyi mlioko milimani Litembo na Maguu, ninyi mlioko mjini Mbinga, nanyi mnaoishi kando ya ziwa, toka Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, nawasalimu nyote katika Dominika hii.

Katika majuma haya kahawa imeiva. Huko milimani kila mkono wenye nguvu unahitajika shambani: kahawa ichumwe, imenywe, ioshwe, ianikwe. Kando ya ziwa, usiku usio na mbalamwezi, mitumbwi hutoka na taa kuvua usipa. Na katika majuma hayo hayo watoto wetu wa darasa la saba wanahesabu siku zilizobaki kabla ya mtihani wa mwezi Septemba, nao wa kidato cha pili na cha nne wanautazama mwezi Novemba. Leo napenda tutafakari pamoja juu ya watoto hao, na hasa juu yetu sisi wazazi na walezi wao.

Kila mwaka, Dominika iliyo karibu na mtihani, watahiniwa huja kanisani na kalamu zao ili zibarikiwe. Ni desturi njema, nami naipenda. Mwaka mmoja, baada ya Misa, alinijia baba mmoja akiwa amemshika mkono mwanawe wa darasa la saba. Akasema, “Padre, mwombee huyu kwa namna ya pekee, maana masomo yanamwelemea.” Nikamwuliza mtoto, “Mwanangu, juma lililopita umesoma nini?” Mtoto akamtazama baba yake, kisha akatazama chini. Baba ndiye aliyenijibu: “Juma lililopita tulikuwa shambani, Padre. Na lile la kabla yake. Kahawa haingoji.”

Niliwabariki wote wawili, nikaibariki na kalamu. Lakini nilipokuwa nikirudi sakristia moyo wangu haukutulia. Nilijiuliza: Hivi tumemwomba Mungu nini? Tumemwomba ampe mtoto, katika asubuhi moja, kile ambacho sisi wenyewe tulimnyima jioni nyingi mfululizo. Baba yule hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mwanawe, la sivyo asingemleta mbele ya altare. Ila hakujua kwamba mtihani ulikuwa umekwisha kuanza, na kwamba mtahiniwa wa kwanza alikuwa ni yeye.

Ndugu zangu wapendwa, hili ndilo neno ninalotaka mwende nalo nyumbani leo. Mzazi hawezi kuingia katika chumba cha mtihani badala ya mtoto wake. Lakini saa za mtoto zimo mikononi mwa mzazi: saa za kusoma, saa za kulala, saa za kazi, saa za kucheza. Mtoto huulizwa maswali yake mwezi Septemba au Novemba. Mzazi huulizwa la kwake mapema zaidi, nalo ni moja: Umezitumiaje saa za mtoto huyu?

Mwinjili Luka, katika sura ya pili, anatusimulia habari za Familia Takatifu ilipokwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Yesu alikuwa na umri wa miaka 12, umri ule ule wa watoto wetu wanaokaribia kumaliza shule ya msingi. Sikukuu ilipokwisha, Yosefu na Maria wakaanza safari ya kurudi, nao wakaenda mwendo wa siku nzima wakidhani kwamba mtoto yumo msafarani, pamoja na jamaa na marafiki. Hawakumtupa mtoto. Walidhani tu kwamba yuko pamoja na wengine.

Je, si ndivyo tulivyo wengi wetu? Twadhani mtoto yumo msafarani. Tumemnunulia sare na madaftari, tumemwandikisha, twamwona akitoka asubuhi na kurudi alasiri, basi twasema: Mambo ya masomo anayajua mwalimu. Twatembea hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Siku matokeo yanapotangazwa ndipo tunapogeuka na kuuliza, “Mtoto yuko wapi?”

Tazameni basi walivyofanya Yosefu na Maria walipogundua kwamba hayupo. Waligeuka. Waliacha safari yao, wakaacha na shughuli zilizowangoja Nazareti, wakamtafuta kwa siku tatu. Wakamkuta hekaluni, ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Mama yake hakumpiga wala hakumwaibisha mbele ya wazee wale. Alimwuliza kwa nini amefanya vile, akamweleza uchungu walioupata. Jibu alilopewa hawakulielewa, lakini Maria aliyaweka yote moyoni mwake. Kisha wakateremka pamoja hadi Nazareti, naye Yesu akawatii, akazidi kukua katika hekima na kimo.

Wazazi wapendwa, humo mna mafundisho ya kututosha. Tugundue mapema. Tugeuke hata kama safari yetu itachelewa. Tuulize kwa utulivu. Tusikilize hata tusipoelewa. Sasa natamani tuyashushe mafundisho haya hadi nyumbani kwetu, jikoni na shambani.

Nianze na kazi. Simwambii mkulima aache kahawa ianguke chini ya mti, wala mvuvi aache nyavu zikauke. Kahawa ndiyo inayonunua sare, nao usipa ndio unaoleta chumvi na sabuni. Tena ni vema mtoto ajifunze kazi. Mtoto asiyejua jembe wala kasia hakulelewa vizuri. Ninachowaomba ni kipimo. Mtahiniwa na achume kahawa Jumamosi asubuhi, kisha mchana aachiwe daftari lake. Siku za shule asitolewe darasani kwenda shambani, hata kwa siku moja. Na kijana anayesubiri mtihani asipelekwe ziwani usiku. Walimu wa pwani hii ya ziwa wamenieleza mara nyingi juu ya vijana wanaosinzia darasani saa mbili asubuhi, mikono yao ingali inanuka samaki. Kijana wa namna hiyo yuko darasani kwa mwili tu, kwa sababu usingizi wake aliuacha mtumbwini.

Niseme pia juu ya binti zetu. Katika nyumba nyingi mvulana akirudi kutoka shule huambiwa apumzike, bali msichana huambiwa achukue ndoo. Akirudi kutoka kisimani kuna kuni, baada ya kuni kuna ugali, baada ya ugali kuna vyombo na mdogo wake wa kubebwa mgongoni. Anapofungua kitabu ni saa nne ya usiku, na macho yamekwisha kufunga. Kisha matokeo yakija twasema, “Wasichana hawaziwezi hesabu.” Ndugu zangu, twamsingizia Mungu aliyewapa akili. Kama nyumbani kuna mvulana na msichana, ndoo na igawanywe. Yosefu alikuwa fundi, naye Yesu alijifunza kufanya kazi kwa mikono yake. Mvulana hatapungukiwa heshima kwa kuchota maji.

Najua wengine mnajiuliza, “Padre, mikono ikipungua shambani nani atachuma?” Hapo ndipo nawageukia viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Babu zetu walijua kusaidiana kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako. Nawaombeni kila jumuiya iandike majina ya watahiniwa wake wa mwaka huu. Kisha jumuiya nzima iende siku moja kuchuma kahawa katika shamba la familia yenye mtahiniwa, na huko ziwani wavuvi wazima wamshikie nafasi mtumbwini baba ambaye mwanawe yuko kidato cha nne. Tutakuwa tumesali kwa mikono. Nasi makatekista tuyasome majina hayo jumuiyani kila juma, ili mtoto ajue kwamba kuna watu wanaomngojea.

Jambo la pili ni mahali na mwanga. Mniruhusu niwasimulie habari za baba yangu.

Nilizaliwa kando ya ziwa hili, na mwaka 1984 nilikuwa darasa la saba. Wakubwa wenzangu mnaikumbuka miaka ile: sabuni ilikuwa adimu, sukari adimu, mafuta ya taa adimu. Baba alikuwa mvuvi, hakujua kusoma wala kuandika. Mafuta aliyoyapata kwa shida yalikuwa ya karabai, maana bila taa usipa hawaji. Katika miezi ile ya kabla ya mtihani nilimwona kila jioni akiinamisha chombo chake na kunitilia mafuta kidogo katika koroboi yangu. Nilikuwa mtoto, sikufikiri jambo hilo lina maana gani. Ni baadaye sana, nilipokuwa seminarini, mama aliponiambia kwamba baba alikuwa akirudi kutoka ziwani mapema kuliko wenzake, na samaki wachache kuliko wenzake, kwa sababu taa yake ilizimika kwanza.

Jioni ambazo hakwenda ziwani aliketi karibu nami akishona nyavu, akaniambia, “Soma kwa sauti, nami nisikie.” Nikasoma habari za mito na milima, naye akaitikia kama mtu anayeelewa yote. Mara nyingine alinikatiza: “Hapo sijaelewa, nieleze tena.” Nami nikalazimika kueleza, na katika kueleza nikagundua kwamba hata mimi sikuwa nimeelewa. Mara nyingine alilala palepale, uzi ungali mkononi. Mimi niliendelea kusoma, kwa maana sikutaka akiamka anikute nimenyamaza.

Wazazi wangu wapendwa, wapo kati yenu wanaosema, “Mimi sikusoma, nitamsaidiaje mwanangu?” Tena masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na hapo wengi hukata tamaa kabisa. Msikate tamaa. Mwambie mtoto akueleze kwa Kiswahili, au hata kwa Kimatengo au Kinyasa, kile alichofundishwa leo. Mwulize maana yake nini, na kwa nini. Kinachoelezwa kwa lugha ya nyumbani kimekwisha kuingia akilini. Kinachokaririwa bila kueleweka hutoweka mtoto anapoliona karatasi la mtihani. Huhitaji kulijua jibu. Wahitaji kuwapo, na kuuliza.

Siku hizi vijiji vingi vina umeme, na penye kukosa umeme kuna taa ndogo za mionzi ya jua. Kwa hiyo upungufu wetu mkubwa si mafuta tena. Ni utulivu. Redio inapiga kelele, simu inapita mkono kwa mkono, wageni wameketi sebuleni hadi usiku. Mtengee mtoto meza moja, au hata kona moja, na saa zake zijulikane na watu wote wa nyumba. Saa hizo zikifika, redio izimwe, hata hii inayowaletea mahubiri. Na simu ya kiganjani, ambayo kwa mtoto mmoja ni kitabu na kwa mwingine ni mwizi wa usiku, ilale chumbani kwa mzazi.

Tatu, mtoto asome namna gani? Enyi wakulima wa milimani, hili mnalijua kuliko mimi. Mababu wa Wamatengo, kwa kuishi katika miteremko mikali, walibuni ngoro. Nyasi hufyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatana, udongo huchimbwa katikati na kufunika nyasi, na pale palipochimbwa hubaki shimo. Mvua inaponyesha, maji hutuama katika kila shimo, hunywewa na ardhi polepole, na udongo haukokotwi kwenda bondeni. Lakini mvua ile ile ikinyesha juu ya mteremko usio na ngoro, huondoka na mbolea yote, ikaacha mawe.

Ndivyo yalivyo masomo. Mtoto anayesoma saa moja au mbili kila siku kwa miezi mitatu ana mashimo ya kutunzia maji. Mtoto anayekesha siku mbili za mwisho ni mteremko mtupu: yote hupita juu yake. Basi mwombe akuandikie ratiba fupi ya juma, kila somo na siku yake, na lile linalomtisha zaidi liwekwe kwanza, akili ingali na nguvu. Asome kidogo, kisha afunge daftari, ajiulize maswali na kuandika majibu bila kuchungulia. Kusoma ukurasa ule ule mara kumi huleta faraja tu; kujijaribu ndiko kunakoonyesha kilichobaki na kilichopotea. Amwombe mwalimu mitihani ya miaka iliyopita, aifanye kwa saa iliyopangwa. Awe na mwenzake mmoja au wawili wa kusahihishana. Nawe mzazi, nenda shuleni mara moja kabla ya mtihani, ukamwulize mwalimu, “Mwanangu amekwama wapi?” Usingoje kuitwa kwa kosa.

Nne, mwili. Roho hukaa katika mwili, na mwili wenye njaa haukumbuki kitu. Uji wa asubuhi kabla ya njia ndefu ya shule ni sehemu ya masomo. Mchango wa chakula cha mchana shuleni, ambao baadhi yetu twaulalamikia, ni sehemu ya masomo. Kipande cha samaki au maharage pamoja na ugali wa muhogo ni sehemu ya masomo. Na usingizi pia: kijana anahitaji kulala saa nane au zaidi, kwa maana ni katika usingizi akili inapopanga yale iliyoyapokea mchana. Usimsifu mtoto kwa kukesha. Usiku wa kuamkia mtihani mwambie afunge vitabu mapema, msali pamoja kwa ufupi, alale.

Tano, ulimi. Hapa wengi tumekosa. “Usipofaulu usirudi nyumbani kwangu.” “Mtazame mtoto wa jirani.” “Nimepoteza fedha bure kwako.” Maneno haya hatuyasemi kwa chuki, twayasema kwa hofu, tukidhani yatamsukuma. Lakini mtoto mwenye hofu huingia katika chumba cha mtihani akiwa na kazi mbili: kujibu maswali, na kuubeba uso wa baba yake. Mwambie neno jingine. Mwambie, “Fanya uwezavyo. Matokeo yoyote yatakayokuja, wewe ni mwanangu, na mlango huu ni wako.” Mtoto aliyeambiwa hivyo hatakuwa mvivu, kwani atasoma kwa kupenda.

Tena yapo makosa matatu mazito, ambayo sina budi kuyataja waziwazi.

Kosa la kwanza: wapo wazazi, hapa nchini mwetu, wanaomwambia mtoto kwa siri aandike majibu ya uongo katika mtihani wa darasa la saba ili asichaguliwe kuendelea, wabaki naye shambani au wamwoze. Ndugu zangu, huko ni kuzika talanta ya mwingine. Tangu Januari 2016 serikali imeondoa ada katika shule zake za sekondari hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaiondoa pia kidato cha tano na cha sita. Sare, chakula na madaftari vinabaki mzigo, najua. Aliyelemewa na aje aiambie jumuiya yake, amwambie paroko wake, kuliko kumfundisha mtoto kujiangamiza kwa mkono wake mwenyewe.

Kosa la pili: kutafuta maswali ya wizi. Baraza la Mitihani hufuta matokeo ya mtahiniwa aliyebainika kudanganya. Lakini hata asipobainika, mtoto amejifunza kutoka kwa mzazi wake kwamba uongo hulipa. Fundisho hilo hatalisahau, na iko siku atalitumia dhidi ya mzazi yule yule.

Kosa la tatu: hirizi na dawa za kuchanja ili mtoto afaulu. Twamnyima mtoto saa moja ya kusoma, kisha twampelekea mganga kuku. Imani haiko hivyo. Mungu huibariki kazi ya mikono na ya akili. Kalamu iliyobarikiwa nayo yahitaji mkono uliojifunza.

Nimewasema wazazi. Sasa, kwa haki, yanipasa nijiseme na mimi.

Katika parokia moja niliyotumikia tulikuwa na jubilei iliyoangukia mwishoni mwa Oktoba. Nilitaka kwaya iimbe vizuri mbele ya Baba Askofu. Tukafanya mazoezi kila jioni kwa mwezi mzima, hadi saa tatu usiku. Miongoni mwa waimbaji walikuwamo mabinti wanne wa kidato cha nne, na mmoja wao alikuwa na sauti ambayo kwaya isingeweza kuikosa. Hakulalamika hata mara moja. Mtoto atamlalamikiaje Padre? Jubilei ilipendeza sana, tukapongezwa. Mtihani ulianza majuma machache baadaye. Matokeo yalipotoka, yule binti hakupata alichostahili. Mama yake alikuja kuniona. Hakuja kunigombeza, alikuja kuomba ushauri, binti afanye nini sasa. Wakati wa kuaga akasema kwa upole, “Alipenda kuwaimbia, Padre.”

Neno lile sijalisahau. Nilikuwa nimezichukua saa za mtoto yule kwa ajili ya Mungu, bila kumwuliza Mungu kama alizihitaji. Tangu mwaka ule, mahali popote ninapotumikia, mwanakwaya aliye mtahiniwa hupumzishwa mazoezi miezi miwili kabla ya mtihani, wala haitwi katika kazi za parokia. Na ukumbi wa parokia huachwa wazi jioni, taa zikiwaka, kwa ajili ya mtoto yeyote asiye na mahali pa kusomea, awe Mkatoliki, Mwanglikana au Mwislamu. Nawaomba mapadre wenzangu, makatekista na walimu wa kwaya mlitafakari jambo hili. Na wewe binti, kama unanisikiliza leo, Padre wako anakuomba msamaha.

Wapendwa, matokeo yatakapotangazwa, wengine watafurahi na wengine watalia. Mzazi ana mtihani hata siku hiyo. Mnakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013: zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walipewa daraja la sifuri, hata serikali ikaunda tume, na matokeo yale yakapangwa upya. Katika nyumba ngapi, kabla ya hapo, mtoto alikuwa amekwisha kutukanwa kwamba hana akili? Karatasi la matokeo hupima majibu ya siku chache. Thamani ya mtoto ilikwisha kupimwa siku alipobatizwa.

Mtakatifu Yohane Maria Vianney alizaliwa mwaka 1786 katika familia ya wakulima, karibu na mji wa Lyon huko Ufaransa. Alipotamani kusomea upadre, baba yake kwa muda alikataa, kwa kuwa alimhitaji shambani. Mnaona, hata huko kahawa ilikuwapo, kwa jina jingine. Alipokubaliwa alikuwa kijana mkubwa, na Kilatini, lugha ya masomo ya wakati ule, kilimshinda. Akaondolewa seminarini. Lakini alikuwapo padre mmoja wa jirani, jina lake Balley, aliyemwamini. Alimpokea nyumbani kwake, akamfundisha upya kwa uvumilivu, akamwombea kwa wakubwa ahojiwe tena. Alipohojiwa kwa lugha aliyoielewa, ikaonekana anafaa. Mwaka 1815 akapewa upadre, mwaka 1925 akatangazwa mtakatifu, naye leo ni msimamizi wa maparoko wote. Kanisa lingepoteza hazina hiyo kama baba asingelegeza mkono wake, na kama jirani mmoja asingesema, “Mleteni kwangu, tujaribu tena.”

Basi mtoto wako asipofaulu, kaa naye. Mpe siku chache za kulia. Kisha tafuteni njia pamoja: kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kujifunza ufundi katika chuo cha VETA. Na msichana aliyekatisha masomo kwa sababu ya ujauzito, mlango wa shule umefunguliwa kwake tangu mwaka 2021. Nasi tusimfungie ule wa nyumbani.

Ndugu zangu, nawaacha na kazi ndogo ya juma hili. Leo jioni, kabla ya kulala, mwite mwanao aliye mtahiniwa. Mwulize mambo mawili tu: “Somo gani linakusumbua? Na ni kazi gani ya hapa nyumbani niiondoe mikononi mwako ili upate kusoma?” Kisha nyamaza, usikilize. Na lile atakalolisema, lifanye, ingawa taa yako ziwani itazimika mapema kidogo.

Ee Mungu, Baba yetu, uliyemlea Mwanao katika nyumba ya Nazareti kwa mikono ya Maria na Yosefu, uwaangalie watoto wetu wanaojiandaa na mitihani. Uwape afya, utulivu na kumbukumbu njema. Utupe sisi wazazi na walezi moyo wa kugeuka mapema, na mikono isiyowanyima saa ulizowapa. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakieni nyote Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo!